Charles Dickens: mtoto wa kiwanda cha siraji aliyeficha siri yake maisha yote

Mwaka wa 1824, kando ya mto Thames mjini London, kulikuwa na nyumba moja ya zamani sana, mbao zimeoza, panya wamejaa. Humo ndani walikuwa wanatengeneza siraji ya viatu. Mtoto mmoja wa miaka 12 alikuwa anakaa pale masaa kumi kwa siku: anafunika vyungu vya siraji kwa karatasi, anafunga kamba, anabandika etiketi. Mshahara wake ulikuwa shilingi 6 kwa juma. Mtoto huyo ni Charles Dickens, ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa riwaya mwenye sifa kuliko wengi katika Uingereza ya malkia Victoria.

Alizaliwa tarehe 7 mwezi wa pili 1812 kule Portsmouth, mji wa bandari. Alikuwa wa pili katika watoto nane. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani kwenye ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Kazi haikuwa mbaya, lakini mzee alipenda kukaribisha watu na alikuwa anakula kuliko anachopata. Madeni yakaongezeka.

Siku zile, mtu akishindwa kulipa deni anafungwa. John akatiwa katika gereza la Marshalsea juu ya deni la mkate, pauni 40 hivi. Vyombo vya nyumba vilikuwa vimekwisha kuwekwa rehani, hata vitabu ambavyo mtoto alipenda kusoma. Mama Elizabeth na watoto wadogo wakahamia gerezani pamoja na baba, kwani iliruhusiwa. Charles alibaki nje, kwenye chumba cha kupanga, anajinunulia mkate wake mwenyewe. Siku ya yenga, yaani jumapili, anaenda gerezani kuona wazazi.

Kisha miezi mitatu hivi baba akatoka. Lakini mtoto hakutolewa kazini. Kiwanda kikahama, na pale pahali papya walimweka karibu na dirisha. Wapita njia walikuwa wanasimama kumtazama namna anavyofanya haraka. Mwishowe baba akagombana na mkubwa wa kiwanda, na Charles akafukuzwa. Mama yake akaenda kutengeneza maneno ili mtoto arudi. Baba akakataa, akamtia shuleni. Charles hakusahau kamwe kwamba mama yake alitaka arudishwe.

Shule nayo haikuendelea sana. Kwa miaka 15 alikuwa tayari karani kwa avoka. Akajifunza mwandiko wa mkato, ule wa kufuata maneno kama yanavyosemwa, na akawa mwandishi wa habari za bunge. Mwaka wa 1836 alianza kutoa Pickwick, hadithi inayouzwa kwa vipande, kila mwezi shilingi moja. Mwanzoni walichapa nakala 1.000 hivi, mwishoni 40.000. Watu walikuwa wanangojea kipande kama vile leo tunavyongojea mchezo wa redio. Wasiojua kusoma walisomewa.

Toka pale alianza kuandika juu ya wale aliowaona akiwa mdogo: yatima wa nyumba za maskini katika Oliver Twist, wafungwa wa deni katika Little Dorrit, wafanyakazi wa viwanda katika Hard Times. Mwaka wa 1849 alianza David Copperfield, na ndani yake akatia mtoto anayetumwa kufanya kazi London. Wasomaji walidhani ni hadithi tu. Kumbe ni yeye. Siri alimwambia rafiki yake John Forster, na watu wengi waliijua tu kisha kifo chake, wakati Forster alitoa kitabu cha maisha yake. Kwa miaka mingi hakuweza hata kupita kule kilipokuwa kiwanda cha kwanza.

Hakuwa malaika. Mwaka wa 1858 aliachana na mke wake Catherine, aliyemzalia watoto kumi, na akatangaza mambo hayo magazetini kwa faida yake mwenyewe. Wakati huo roho yake ilikuwa kwa msichana mmoja mchezaji wa tamthilia, Ellen Ternan. Mtu aliyesifu jamaa katika vitabu alivunja ya kwake.

Alikufa tarehe 9 mwezi wa sita 1870, na miaka 58, katika nyumba yake ya Gad's Hill. Nyumba hiyo aliiona akiwa mtoto, anatembea na baba yake, akaitamani. Akaja kuinunua kwa pesa ya kalamu. Walimzika Westminster Abbey.

Mwaka mmoja mbele ya kifo chake, sheria ilikomesha kufunga watu wengi juu ya deni. Miezi miwili kisha kifo chake, bunge lilipitisha sheria ya kujenga shule za msingi kwa watoto wa Uingereza. Yeye alikuwa amekwisha kusema mambo hayo kwa zaidi ya miaka thelathini, bila kusema kwamba mtoto yule wa dirishani alikuwa yeye.