Caruso, mwimbaji mwenye ubavu wa kuuma

Enrico Caruso alizaliwa mu Napoli, muji wa Italia, tarehe 25 Februari 1873. Baba yake alikuwa fundi wa chuma, na Enrico naye alianza kazi ya mikono akiwa mutoto wa miaka 11. Aliimba mu kanisa na mu barabara juu ya kupata makuta. Mama njo alimutia moyo, lakini akakufa mu 1888, mbele watu hawajamupigia mwana wake mikono.

Walipomuita ku uaskari, ndugu yake Giovanni akaenda ku nafasi yake ili yeye aendelee kujifunza. Ndugu kama huyo, wangapi tuko naye?

Mu 1901 watu wa Napoli hawakumupokea vizuri, akaapa hataimba pale tena. Mwaka uliofuata, mu Milano, aliingiza nyimbo 10 mu gramofoni, na sauti yake ikaanza kutembea dunia. Mu 1903 akafika New York.

Opera iliyomupatia sifa sana ni Pagliacci ya Leoncavallo, iliyochezwa mara ya kwanza mu 1892. Canio ni mukubwa wa wachekeshaji wanaopita mukini kwa mukini. Ile siku anapojua kama muke wake Nedda ana mupenzi mwingine, anapaswa kujipakaa unga ku uso na kuchekesha watu vilevile, juu walikwisha kulipa. Muchezo unaishia mu damu ya kweli. Caruso alikuwa Canio mu New York mara mingi.

Mu Desemba 1920 ubavu ukaanza kumuuma. Munganga akasema ni mishipa tu. Wenye kushuka mu mugodi wanajua: kifua si cha kuchezea. Tarehe 8, mu wimbo mukubwa wa Canio, maumivu yakamushika, karibu aanguke. Tarehe 11, mu Brooklyn, damu ikatoka kinywani. Wenzake wakamupa kitambaa kimoja kiisha kingine, naye anaimba tu, mupaka watu wenyewe wakakataa aendelee. Alipanda tena, mara ya mwisho tarehe 24. Kesho yake, siku ya Noeli, akaanguka na maumivu.

Wanganga wengine wakakuta usaha mu kifua. Wakamupasua mara mingi. Mu 1921 akarudia Italia, na tarehe 2 Agosti akakufa mu Napoli, muji ule aliounyima sauti yake. Alikuwa na miaka 48.