Senti za Wanyonge na Kiti cha Victor Berger

Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipowafungia watu majumbani mwao, baadhi ya wagombea wa mrengo wa kushoto waliowania viti vya Kongresi, yaani Bunge la Marekani, hawakuwa na mikutano ya hadhara wala matajiri wa kuwaegemea. Tegemeo lao lilikuwa michango midogo midogo ya watu wa kawaida, kila mmoja akitoa kwa kadiri ya uwezo wake. Wapo walioliona jambo hilo kuwa ni uzushi wa zama mpya. Sisi tunasema la hasha. Miaka 102 kabla yake, katika vuli ya 1918, gonjwa jingine lilipokuwa likizunguka dunia, wavujajasho wa mji mmoja wa Marekani walimchagua mtu wao kwa njia hiyo hiyo. Mtu huyo ni Victor Berger. Tunaona inafaa historia yake isimuliwe katika safu hii, kwa faida ya wananchi wa Visiwa hivi, na ya watumishi wa Serikali ambao kila siku hupokea na kutunza fedha za watu.

Berger alizaliwa tarehe 28 Februari, 1860, katika kijiji cha Nieder-Rehbach, katika dola ya Austria ya wakati ule. Wazazi wake walikuwa Mayahudi wenye nyumba ya wageni. Mwaka 1878 alihamia Marekani, akafanya kazi za mikono hapa na pale, na mwaka 1881 akafika Milwaukee, mji wa viwanda ulioko ukingoni mwa Ziwa Michigan katika jimbo la Wisconsin. Mji huo ulijaa wahamiaji, Wajerumani na Wapolandi kwa wingi, waliofanya kazi katika viwanda vya bia, vya ngozi na vya mashine. Huko Berger alikuwa mwalimu wa skuli akisomesha Kijerumani, kisha akaweka chaki akashika kalamu, akawa mhariri wa magazeti ya wafanyakazi. Mwaka 1897 alimwoa Meta Schlichting, aliyepata kuwa mwanafunzi wake, na bibi huyo naye alichaguliwa katika bodi ya skuli za mji mwaka 1909.

Mwaka 1901 Berger alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kisoshalisti cha Marekani. Kilichompambanua na wenziwe si ufasaha wa ulimi, kwani kwa ulimi Eugene Debs alimpita mbali. Kipaji cha Berger kilikuwa ni kujenga chama, tawi kwa tawi, mtaa kwa mtaa. Mwanachama alilipa ada ya senti chache kila mwezi, na alipolipa alipewa stempu ya kubandika katika kadi yake. Kadi isiyo na stempu ilikuwa kadi bubu. Zaidi ya hayo, chama kilikuwa na kikosi cha kugawa makaratasi. Alfajiri ya Jumapili, wakati wa kampeni, mamia ya wanachama waliamka mji ungali kimya, wakapita mlango hadi mlango, kila nyumba ikaachiwa karatasi iliyoandikwa kwa lugha isomwayo na wenyewe. Kazi hiyo haikuwa na ujira. Aliyeifanya Jumapili alikuwa na zamu yake kiwandani Jumatatu.

Matunda yalionekana mwaka 1910. Mwezi wa Aprili msoshalisti Emil Seidel alichaguliwa kuwa meya wa Milwaukee, na mwezi wa Novemba Berger akachaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la Kongresi, akiwa msoshalisti wa kwanza kukalia kiti humo. Alikuwa peke yake miongoni mwa wajumbe karibu 400. Hata hivyo, mwaka 1911 alipeleka mswada wa kuwapa malipo ya uzeeni wazee waliochoka kwa kazi. Mswada haukupita, wala hapakuwa na aliyetaraji upite. Lakini mbegu ilikwisha kutiwa udongoni. Mwaka huo huo alianzisha gazeti la kila siku, Milwaukee Leader, kwa fedha za vyama vya wafanyakazi na za wanachama. Mwaka 1912 alishindwa uchaguzi, akarudi kwenye meza yake ya uhariri.

Ikaja vita. Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi wa Aprili, 1917, na chama cha Berger kikatangaza kuipinga, kikiona kwamba maskini wa nchi moja hawana ugomvi na maskini wa nchi nyingine. Mwezi wa Juni ikapitishwa sheria ya kuwaadhibu wapelelezi, ambayo haikukawia kugeuzwa kuwa rungu la kuwapiga wapinzani wa vita. Oktoba, 1917, Posta iliunyang'anya Milwaukee Leader haki ya kusafirishwa kwa bei nafuu ya magazeti, na wasomaji wa nje ya mji wakakatika kwa maelfu. Wafanyabiashara waliotangaza bidhaa zao humo wakaandamwa, wengi wakajitoa. Mwezi wa Machi, 1918, ikatangazwa kwamba Berger na viongozi wenziwe wanne wameshitakiwa, ushahidi mkubwa dhidi yake ukiwa tahariri alizozichapa. Na mwezi wa Agosti Posta ikaacha kabisa kulipelekea gazeti hilo barua zake.

Hebu tulipime jambo hilo, ndugu msomaji. Barua ndiyo njia aliyoitumia mtu wa mbali kuchangia. Ilipozibwa, haikubakia ila njia ya mkono kwa mkono: mwanachama kumpa katibu wa tawi, mfanyakazi kumpa mwenziwe kiwandani. Katika hali hiyo mtu haombi mchango kwa asiyemjua, wala hatoi kwa asiyemwamini.

Kisha likaja gonjwa. Homa ya mafua ya mwaka 1918, ambayo ilifika hata katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, iliingia Milwaukee mwezi wa Septemba. Tarehe 10 Oktoba mamlaka ya afya ya jimbo la Wisconsin iliamuru skuli, makanisa, majumba ya michezo na mikutano ya hadhara vifungwe. Mji ulikuwa chini ya meya msoshalisti, Daniel Hoan, na Kamishna wa Afya, Dk. George Ruhland, aliisimamia amri hiyo bila ya kulegeza. Baadaye ilidhihirika kwamba Milwaukee ilipoteza watu wachache, kwa kulinganisha na wakaazi wake, kuliko miji mingi mikubwa ya nchi ile.

Basi uchaguzi ulikuwa tarehe 5 Novemba. Mgombea ameshitakiwa. Gazeti lake limefungiwa barua. Kumbi zimetiwa kufuli kwa haki, maana uhai wa watu hutangulia kampeni. Na katika wiki hizo hizo, kuanzia tarehe 28 Septemba hadi 19 Oktoba, Serikali ilikuwa ikiendesha awamu ya nne ya mkopo wa vita, na mfanyakazi aliyesita kununua hati zake alitazamwa kama msaliti. Tungetegemea mfuko wa Berger ukauke. Lakini chama kilichozoea kumfuata mtu mlangoni pake hakikuhitaji ukumbi, na chama kilichozoea kula kwa senti hakikuhitaji tajiri. Kura zilipohesabiwa, Berger alipata karibu 18,000, akawashinda wapinzani wake wawili, mmoja wa Democratic na mmoja wa Republican.

Hapo ndipo ulipoanza mtihani wenyewe. Kesi ilisikilizwa Chicago mbele ya Jaji Kenesaw Mountain Landis, na mwezi wa Februari, 1919, Berger na wenziwe walihukumiwa kifungo cha miaka 20 kila mmoja. Alitoka kwa dhamana akingojea rufaa. Mwezi wa Mei alikwenda Washington kuapa, akazuiwa. Tarehe 10 Novemba, 1919, wajumbe zaidi ya 300 walipiga kura kumnyima kiti, na aliyesimama upande wake alikuwa mmoja tu, Edward Voigt, naye wa Wisconsin.

Kiti kikatangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa tarehe 19 Desemba. Safari hii Democratic na Republican waliungana nyuma ya mgombea mmoja ili kumkomesha. Matokeo yake, Berger alizidisha kura zake hadi kupita 24,000, akashinda tena. Mwezi wa Januari, 1920, Baraza likamkataa mara ya pili, na wajumbe sita tu wakamtetea. Kiti kikabaki kitupu. Wenye nguvu waliweza kukiacha bila ya mtu. Kumweka mtu wao juu yake hawakuweza.

Tarehe 31 Januari, 1921, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu ile, kwa sababu Jaji Landis alitakiwa ajiondoe baada ya washitakiwa kulalamika kwamba ana chuki dhidi ya watu wenye asili ya Kijerumani. Serikali ikayaacha mashitaka. Berger, aliyeshindwa uchaguzi wa 1920, alichaguliwa mwaka 1922, na Desemba, 1923, akaapishwa bila ya pingamizi. Alitumikia hadi 1929, akaendelea kudai malipo ya uzeeni na bima ya wasio na kazi. Mwezi wa Julai, 1929, aligongwa na tramu mjini Milwaukee, na tarehe 7 Agosti akafariki, akiwa na umri wa miaka 69. Maiti yake iliwekwa katika jumba la halmashauri ya mji, na maelfu kwa maelfu wakapita kumuaga. Sheria ya malipo ya uzeeni ilipitishwa mwaka 1935, miaka sita baada ya kifo chake. Hakuiona.

Hatupendi kumsifu mtu kwa kuzificha aibu zake. Huyu aliyewatetea wanyonge, mwaka 1902 aliandika maneno ya kuwatweza watu weusi, akiwahesabu kuwa ni jamii iliyo chini ya weupe, na katika mijadala ya chama chake aliunga mkono kuzuiliwa wahamiaji wa kutoka Asia. Sisi, wana wa Afrika na wa bahari hii inayotuunganisha na Asia, hatuwezi kulipita jambo hilo kimya kimya. Ni dhahiri kwamba mtu aweza kuuona unyonyaji wa kiwandani waziwazi, na asiuone ule unaobebwa na rangi ya ngozi. Tunalichukua lililo jema katika kazi yake, na hilo ovu tunalitaja kwa jina lake ili lisijirudie kwetu chini ya vazi jingine, liwe la kabila, la kisiwa au la ukoo.

Je, tujifunze nini? Haba na haba hujaza kibaba. Hilo kila mtoto wa chuoni analijua. Lakini kibaba kilichojazwa na wengi hakina mwenyewe mmoja. Anayetoa fungu kubwa aghalabu hutaka kurejeshewa, kwa kibali, kwa kiwanja au kwa zabuni. Anayetoa senti hataki ila kuulizwa na kujibiwa. Kwa hiyo kiongozi aliyefika kwa fungu la mmoja huanza kazi akiwa na deni, na kiongozi aliyefika kwa senti za wengi huanza kazi akiwa na amana. Deni hufichwa, amana huonyeshwa hesabu yake.

Hapa hatuna budi kujitazama sisi wenyewe, makada na watumishi. Ni mara ngapi mchango hupokewa na stakabadhi isiandikwe? Ni mara ngapi mlango wa mvuvi au wa mkulima wa karafuu hubishwa wakati wa kura tu, kisha ukasahauliwa miaka mitano? Wavujajasho wa Milwaukee walikuwa wakigongewa milango yao miaka mingi kabla ya mwaka wa maradhi, na wakijua kila senti imekwenda wapi. Ndiyo maana, siku ya dhiki ilipofika, walitoa, na walipomwona mtu wao amekataliwa walimchagua tena. Imani ya namna hiyo haikusanywi kwa wiki moja ya kampeni. Hukusanywa kama ada: kidogo kidogo, kila mwezi, na kwa stakabadhi.