Atwater: Aliyewaweka watu chumbani ili kuhesabu kalori

KATIKA zama hizi ambapo saa ya mkononi humwambia mkimbiaji kuwa ametumia kalori 400 kabla hata jasho halijamkauka, ni wachache wanaolijua jina la Wilbur Olin Atwater. Mkemia huyo wa Marekani ni miongoni mwa walioifanya hesabu hiyo kuwa jambo la kupimwa, si la kubahatishwa.

Atwater alizaliwa Mei 3, 1844 huko Johnsburg, Jimbo la New York, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti. Alihitimu Chuo Kikuu cha Wesleyan mwaka 1865, kisha mwaka 1869 akapata shahada ya uzamivu Yale kwa utafiti wa kemia ya mahindi. Baadaye alikwenda Ujerumani, ambako Carl Voit wa Munich na wenzake walikuwa wakiuchunguza mwili kama mtu achunguzavyo tanuri: chakula ni kuni, joto ni matokeo.

Aliporejea nyumbani aliandika makala zilizowafanya wasomaji wa kawaida walizoee neno kalori, na mwaka 1888 akawa mkurugenzi wa kwanza wa ofisi ya serikali iliyosimamia vituo vya utafiti wa kilimo.

Kazi iliyompa umaarufu zaidi ilifanyika Middletown, Connecticut, katika miaka ya 1890. Akishirikiana na mwanafizikia Edward Rosa, alijenga chumba kidogo chenye kuta za shaba na zinki, kilichokingwa kwa mbao ili joto lisipotee. Ndani mlikuwa na kitanda, kiti na meza vya kukunja. Mtu aliyejitolea aliishi humo kwa siku kadhaa, akipokea chakula kupitia kidirisha. Maji yaliyopita kwenye mabomba yalichukua joto la mwili wake, na hewa aliyoitoa ilipimwa. Chakula kilipimwa, na choo na mkojo vilipimwa pia. Katika baadhi ya majaribio aliendesha baiskeli iliyofungwa mahali pamoja, ili ijulikane kazi ya misuli hugharimu kiasi gani.

Majibu yalishangaza kwa usahihi wake. Nishati iliyoingia kwa chakula na ile iliyotoka kwa joto na kazi zilitofautiana kwa chini ya asilimia 1. Aidha, kutoka kwenye utafiti wake zilipatikana tarakimu zinazotumika hadi leo: gramu 1 ya wanga au protini hutoa kalori 4, na ya mafuta kalori 9.

Hata hivyo, ukweli ulimletea uhasama. Alipoonyesha kuwa mwili huunguza pombe na kupata nishati, wanaharakati waliopinga ulevi walimshambulia, ilhali yeye mwenyewe alikulia katika nyumba ya mchungaji aliyeupinga ulevi. Hakuyafuta matokeo yake. Kiharusi kilimpata mwaka 1904, na akafariki dunia Septemba 22, 1907.

Mrithi wake, Francis Benedict, aliendelea na kazi hiyo na kuona kuwa mapigo ya moyo hupanda na kushuka pamoja na matumizi ya nishati. Hapo ndipo mbegu ya saa za leo ilipopandwa. Misuli ikifanya kazi huhitaji oksijeni, moyo huongeza kasi ili kuifikisha, na kila lita 1 ya oksijeni inayotumika hulingana na takriban kalori 5. Vipimo visivyo na waya vilivyovaliwa kifuani vilienea kutoka Finland katika miaka ya 1980. Mwaka 2005 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha kanuni inayokadiria kalori kwa kutumia mapigo, umri, uzito na jinsia.

Lakini kukadiria si kupima. Mkulima wa Samuye, Wilaya ya Shinyanga, anayesukuma baiskeli yenye gunia katika jua la mchana, moyo wake huenda mbio kwa sababu ya mzigo, na pia kwa joto na upungufu wa maji. Hofu na homa nazo huuharakisha, hata mtu akiwa ameketi. Kifaa hakijui tofauti. Yote hukihesabu kuwa kalori. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa 7 vya mkononi. Vingi vilisoma mapigo vizuri, lakini hata kilichokuwa bora kwa kalori kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Fundisho jingine limetoka jirani na Shinyanga, kwa Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Vipimo vya moyo walivyovaa vilionyesha, katika utafiti wa mwaka 2017, kuwa hutumia zaidi ya saa 2 kwa siku katika shughuli za nguvu ya wastani hadi kubwa. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2012 uliotumia maji maalumu ya kupimia nishati ulionyesha kuwa, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya kalori kwa siku hayakutofautiana na ya watu wa nchi za Magharibi. Mwili, kumbe, hujua kubana matumizi.

Atwater naye alikuwa na mipaka yake. Aliwashauri maskini wasitumie fedha kwa mboga za majani zenye kalori chache, kwani vitamini zilikuwa bado hazijajulikana. Kwa mfanya mazoezi wa leo, saa inafaa kulinganisha juhudi za leo na za jana. Anayeitumia kujipimia sahani ya ziada anakula kwa makisio.