Wakili Aliyeketi Kimya

Kila mwaka mahafali yanapokaribia, huwaona wanafunzi wangu wakiuogopa usaili wa kazi kuliko walivyouogopa mtihani wowote. Vyeti wanavyo na lugha wanayo, ila mbele ya jopo ulimi huwa mzito. Aghalabu huambiwa wajikaze, kana kwamba ujasiri huuzwa dukani. Mimi huwasimulia maisha ya Mohandas Gandhi. Wengi wao wameipita sanamu yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi bila kujua kwamba mtu huyo aliogopa mno kusema mbele za watu.

Gandhi alizaliwa Porbandar, India, mwaka 1869. Alipokuwa akisomea uanasheria London, kati ya 1888 na 1891, alikuwa mwanakamati wa chama cha watu wasiokula nyama. Siku alipotaka kutetea msimamo wake aliandika hoja zake, akashindwa kuzisoma, ikabidi asomewe na mwenzake. Alirejea kwao akiwa wakili kamili. Kesi yake ya kwanza mjini Bombay ilikuwa ndogo, ujira wake rupia 30. Aliposimama kuwahoji mashahidi, kichwa kilimzunguka, asione hata swali moja la kuuliza. Aliketi, akaiacha kesi ichukuliwe na wakili mwingine. Baadaye aliomba kazi ya kufundisha Kiingereza saa moja kwa siku, kwa rupia 75 kwa mwezi. Aliitwa kwenye usaili, akaenda kwa furaha. Mkuu wa shule alimkataa kwa kuwa hakuwa na shahada ya chuo kikuu.

Mnamo Aprili 1893 alipanda meli iliyopitia Lamu, Mombasa na Unguja, akielekea Afrika Kusini. Kampuni ya wafanyabiashara Wahindi ilikuwa imemwajiri kwa mwaka mmoja asaidie katika kesi yake kubwa. Kesi hiyo ilihusu hesabu za biashara, elimu ambayo hakuwa nayo. Alinunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akakisoma, kisha akazipitia nyaraka mpaka akaielewa kesi yote. Katika safari ya Pretoria alitolewa kwa nguvu ndani ya gari moshi huko Pietermaritzburg, ingawa alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza. Muda mfupi baada ya kufika Pretoria aliwaita Wahindi wa mji huo mkutanoni, akawahutubia juu ya uaminifu katika biashara na juu ya dhiki zao. Hiyo ndiyo hotuba yake ya kwanza ya hadhara, na safari hii maneno hayakumpotea.

Je, ni nini kilichobadilika? Si tabia yake, maana alibaki mpole na mwenye haya. Sisi wanaisimu twajua kwamba msemaji anayelichunguza kila neno linalomtoka hujikwaa zaidi. Kule Bombay Gandhi alijifikiria mwenyewe. Kule Pretoria aliwafikiria watu na jambo alilolichunguza kwa makini.

Basi, ewe mwanafunzi, kabla ya usaili ichunguze kazi unayoiomba, uwajue watakaohudumiwa na kazi hiyo, na uzikumbuke kazi ulizozitenda kwa mikono yako. Huenda ukakataliwa hata hivyo, kwani nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Lakini mkuu wa shule aliyemkataa Gandhi alikipima cheti tu, hakuupima utu wake. Kuteleza si kuanguka.