Jina la Mzee Thomas: Katika Nyayo za Ukoo wa Lincoln

Katika somo la elimu ya majina, kila mmoja wetu alitakiwa kufuata jina moja kizazi hadi kizazi. Wenzangu walichagua majina ya kwao. Mimi nilichagua la Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani, nikidhani kazi itakuwa nyepesi. Nilikosea.

Kwanza, jina lenyewe halikutulia. Makarani wa Kentucky waliliandika jinsi masikio yao yalivyolipokea: Linkhorn, Linkern, Lincoln. Wenye jina hawakuwa watu wa kalamu. Thomas, baba yake Abraham, aliandika jina lake kwa shida. Anayetafuta ukoo huu kwa tahajia moja tu atapoteza nusu ya ndugu.

Babu aliitwa Abraham pia. Aliuawa shambani mwaka 1786, Thomas akiwa mtoto mdogo karibu naye. Thomas alikua seremala na mkulima, akamwoa Nancy Hanks mwaka 1806. Sarah alizaliwa mwaka 1807, na tarehe 12 Februari 1809 akaja mvulana aliyerithi jina la babu. Mwishoni mwa 1816 walihamia Indiana, ng'ambo ya mto Ohio. Huko, Oktoba 1818, Nancy alifariki kwa ugonjwa wa maziwa ya ng'ombe waliokula mmea wenye sumu. Mwaka uliofuata Thomas alimwoa Sarah Bush, mjane mwenye watoto watatu, na huyo mama wa kambo alimpenda Abraham kama wa tumbo lake. Dada yake alifariki akijifungua mwaka 1828. Mwaka 1830 familia ilihamia Illinois, na mwaka uliofuata kijana akaondoka nyumbani.

Lincoln mwenyewe aliutafuta ukoo wake. Mwaka 1848, akiwa mbunge, alimwandikia mtu wa Massachusetts mwenye jina kama lake. Aliweza kuwafuata wazee wake hadi Virginia na Pennsylvania, akakwama hapo. Baada ya kifo chake ndipo watafiti walipouunganisha mnyororo hadi Samuel Lincoln, aliyetoka Uingereza mwaka 1637.

Hapo nilikuwa na mti mzuri wa ukoo, lakini Januari 1851 ilinisimamisha. Mzee Thomas alikuwa anakufa. Mwanawe, wakili mwenye jina huko Springfield, alimwandikia ndugu yake wa kambo kwamba mkewe ni mgonjwa na kazi ni nyingi. Tena, kuonana huenda kungewaletea uchungu kuliko furaha. Mzee akafa tarehe 17. Abraham hakwenda kumzika.

Miaka miwili baadaye, Aprili 1853, alizaliwa mwanawe wa nne na wa mwisho. Akamwita Thomas. Na Januari 1861, kabla ya kwenda Washington kuapishwa, alirudi kumwona mama wa kambo, akafika na kaburini kwa baba.

Nilikaa na tarehe hizo kwa muda mrefu. Baba yangu hakufika kwenye matanga ya babu. Sababu zake hazijawahi kusemwa mezani kwetu. Mimi ndiye niliyezaliwa baadaye, na jina la babu ni langu. Siku zote nililiona kama desturi tu. Sasa naliona kama barua iliyochelewa.

Kati ya wana wanne wa Lincoln, ni Robert peke yake aliyeishi hadi uzee. Thomas mdogo alifariki mwaka 1871, akiwa na miaka 18. Mjukuu wa Robert, wa mwisho katika uzao huo, alifariki mwaka 1985 bila mtoto. Uzao ulikatika. Nilipomaliza kazi hii, sikuanza kwa kuipeleka kwa mwalimu. Nilimpigia baba simu, nikamwomba anisimulie habari za babu.