Mendeleev: Mwalimu aliyezipanga elementi kwa ajili ya wanafunzi wake

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

MTU mzima anayerejea darasani jioni baada ya kazi, awe mkazi wa Likombe mjini hapa au wa kwingineko nchini, hukutana na jedwali la elementi akiwa tayari amechoka. Huona visanduku 118 vyenye herufi na namba, akaambiwa akariri. Ni wachache wanaoelezwa kuwa jedwali hilo lilitokana na shida ya mwalimu aliyekwama katikati ya kitabu cha kufundishia.

Mwalimu huyo ni Dmitri Mendeleev, Mrusi aliyezaliwa Februari 8, 1834 katika mji wa Tobolsk, Siberia, akiwa kitinda mimba wa familia kubwa. Baba yake, mkuu wa shule, alipofuka macho, kisha akafariki dunia mwaka 1847. Mama yake, Maria, akabaki kuwalisha watoto kwa kusimamia kiwanda cha vioo cha ukoo wao. Mwaka 1848 kiwanda nacho kikateketea kwa moto.

Mama huyo hakukata tamaa. Mwaka 1849 alifunga safari na mwanawe ya kilomita zipatazo 2,000 hadi Moscow kumtafutia elimu, lakini chuo kikuu cha huko hakikumpokea. Wakasonga mbele hadi St Petersburg, ambako mwaka 1850 kijana alipata nafasi katika chuo cha ualimu alichosoma baba yake. Maria alifariki dunia mwaka huo huo. Mwaka 1887 Mendeleev, akiwa mwanasayansi mwenye jina kubwa, alimtabarukia mama yake kitabu chake kuhusu miyeyusho.

Baada ya kufundisha kusini mwa Urusi na kusoma Ujerumani, mwaka 1867 alipewa uprofesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg. Hakukuwa na kitabu cha Kirusi kilichomridhisha, hivyo akaanza kuandika chake, Misingi ya Kemia.

Hapo ndipo alipokwama. Wakati huo elementi zilizojulikana zilikuwa 63, na sehemu ya kwanza ya kitabu ilikuwa imemalizika huku akiwa ameeleza nane tu. Zilizosalia angezielezaje bila kumzamisha msomaji katika orodha isiyo na kichwa wala miguu?

Jibu lilianzia kwenye chumvi, kitu ambacho watu wa pwani ya Mtwara hawahitaji kufundishwa. Chumvi ya mezani ni muungano wa sodiamu na klorini. Potasiamu huungana na klorini kwa namna ile ile, na bromini na iodini nazo hufanana na klorini kwa tabia. Mendeleev aliziweka jamaa hizo pamoja, akalinganisha uzito wa atomi zao, akaona kuwa elementi zikipangwa kwa uzito, tabia zake hujirudia kila baada ya hatua fulani.

Rasimu ya awali aliiandika nyuma ya barua iliyohusu ziara ya kukagua utengenezaji wa jibini. Ilikuwa Machi 1, 1869 kwa kalenda ya sasa. Wiki chache baadaye mwenzake, Nikolai Menshutkin, ndiye aliyewasilisha matokeo mbele ya Chama cha Kemia cha Urusi. Masimulizi kwamba aliliota jedwali usingizini yanapendeza, lakini kwa maoni ya mwandishi huyu yanamdhulumu mtu aliyelifanyia kazi miaka mingi.

Hakuwa peke yake. Mjerumani Lothar Meyer naye alifikia mpangilio unaokaribiana na huo. Tofauti ni kwamba Mendeleev alithubutu kuacha nafasi tupu na kueleza tabia za elementi ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Aliziita kwa neno eka, ambalo si eka ya shamba. Ni moja kwa Kisanskriti.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu na kutangaza kuwa kwa ujazo sawa ni nzito mara 4.7 kuliko maji. Kutoka St Petersburg, Mendeleev ambaye hakuwahi kuigusa alimwarifu kuwa inapaswa kukaribia 5.9. Mfaransa alipoisafisha na kuipima upya, alipata 5.9. Skandiamu ilifuata mwaka 1879, na jemaniamu mwaka 1886.

Elimu hiyo hakuwafungia vijana wa kiume wa chuo kikuu pekee. Wanawake hawakuruhusiwa kusoma chuo kikuu, naye akawafundisha katika kozi za juu zilizoanzishwa kwa ajili yao. Mwaka 1890 alijiuzulu baada ya waziri wa elimu kukataa malalamiko ya wanafunzi ambayo yeye aliyafikisha.

Wakazi wa mkoa huu, ambako gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, huenda wakavutiwa na kazi yake nyingine. Alichunguza mafuta ya Baku, akaenda Marekani mwaka 1876 kuona visima vya Pennsylvania, na alishikilia kuwa mafuta ni malighafi ya viwanda, si kitu cha kuchomwa tu.

Alikuwa na upande wa ukaidi. Alikataa kwa miaka kadhaa kuikubali agoni, gesi iliyogunduliwa mwaka 1894, na habari za elektroni hazikumwingia. Aliamini pia uzito wa teluriamu ulipimwa vibaya kwa kuwa uliizidi iodini inayoifuata. Kipimo hakikuwa na kosa. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kuwa kinachopanga elementi ni namba ya atomi.

Tuzo ya Nobel ilimponyoka mwaka 1906, ikaenda kwa Mfaransa Henri Moissan. Mendeleev alifariki dunia Februari 2, 1907. Mwaka 1955, Marekani ikiwa katika vita baridi na Urusi ya Kisovieti, wanasayansi wa California walitengeneza elementi ya 101 wakaipa jina lake.