MZEE ALIYESHUKA NGAZI KINYUMENYUME

Tukiambiwa tuandike habari za watu mashuhuri, wengi wetu hukimbilia marais na wanajeshi. Mimi nimemchagua mwandalizi wa mazishi. Usicheke! Nina sababu.

Mwaka jana nyanya yangu aliambiwa na daktari kuwa mwili wake umekuwa sugu kwa insulini, na asipobadili chakula kisukari kiko mlangoni. Nyanya ni mtu wa ugali mkubwa na chai ya vijiko vinne vya sukari. Alinuna siku mbili. Ndipo nikaanza kusoma, nikakutana na Mwingereza William Banting.

Banting alizaliwa mwaka wa 1796. Jamaa yake huko London ndiyo iliyoandaa mazishi ya wafalme wa Uingereza. Mali alikuwa nayo, lakini mwili ulimshinda. Mwaka wa 1862, akiwa na miaka 65 hivi, alikuwa na kilo 92 hivi, naye ni mfupi wa futi tano na inchi tano. Kufunga kamba za viatu hawezi. Ngazi alizishuka kinyumenyume ili magoti yasimuume. Akajaribu kupiga makasia mtoni, kumbe makasia yakamzidishia njaa! Madaktari aliowaendea, wapi!

Masikio yalipoanza kuziba alimwendea daktari wa masikio, William Harvey. Huyu alikuwa amesikiliza mafunzo ya Claude Bernard kule Paris kuhusu ini na sukari. Akamwachisha Banting mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Akabaki na nyama, samaki, mboga na matunda kidogo. Baada ya mwaka mmoja, kilo 21 hivi zilikuwa zimekwenda, masikio yakasikia, na ngazi akazishuka kama watu wengine.

Mwaka wa 1863 alichapisha kijitabu kwa pesa zake mwenyewe ili wengine wapone. Baadhi ya madaktari walimdhihaki, eti mzika watu ajua nini? Hakujali. Alifariki mwaka wa 1878, akiwa na miaka 81. Hadi leo Waswidi hutumia neno banta kumaanisha kula kwa kujipunguza uzito.

Banting hakujua lolote kuhusu insulini, kwani iligunduliwa Toronto mwaka wa 1921 na Frederick Banting na Charles Best. Leo twajua kwamba wanga hugeuka sukari, na insulini huiingiza sukari hiyo ndani ya seli. Seli zikiwa sugu, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi mpaka ichoke. Kupunguza wanga, na kukaa saa nyingi bila kula, huipumzisha. Lakini jamani, anayetumia dawa za kisukari asifunge kabla ya kumwuliza daktari, maana sukari yaweza kushuka ghafla akazimia.

Nyanya sasa hula ugali wa ukubwa wa ngumi na sukuma wiki sahani nzima. Chai ni kavu, na baada ya saa moja usiku hatii kitu mdomoni mpaka asubuhi. Daktari alikubali. Tulipompeleka kliniki juzi, sukari ilikuwa imeshuka kidogo. Safari bado ni ndefu, na chapati za Krismasi bado anazidai.

Nanyi wenzangu wa mandazi matatu na soda kila mapumziko, usipoziba ufa utajenga ukuta. Banting aliuziba akiwa na miaka 65 hivi. Sisi twangoja nini?